Namba Kumi na Mbili ya Aabo

Ndugu yangu mdogo hakuwahi kupenda bunduki. Tukiwa watoto, baba yetu, ambaye sisi tunamwita Aabo, akiitoa ya kwake kuisafisha, ndugu yangu alitoka nje akaenda kukaa kwenye lori la Aabo. Kwa hiyo siku moja alipokaa mezani kwetu, mtaa wa Wabera, akamega chapati, akasema bila kuulizwa kwamba mzee angefaa aache bunduki yake ya namba kumi na mbili achukue ya namba ishirini, niliacha kumimina chai nikamtazama.

"Kumi na mbili ni kubwa kwako sasa, Aabo," alisema. "Inapiga bega. Ishirini ni nyepesi, hairuki sana, na kazi ni ile ile."

"Nani alikufundisha hayo?" Aabo akauliza.

"Watu tu."

Watu gani? Rafiki zake ni madereva na mawakala wa mifugo. Anabeba mbuzi kutoka soko la Oldonyiro, na huko mtu anayeulizia bunduki haulizii kwa sababu ya kanga na kwale. Nilimaliza kumimina chai lakini sikunywa.

Nieleze kwanza nilivyojikuta pale. Nilifanya kazi ya kutunza stoo ya dawa miaka mingi katika mji mwingine. Mama alipofariki nilistaafu mapema nikarudi kukaa na Aabo. Kazi ya stoo inakupa macho ya aina fulani. Unajifunza kwamba kitu hakipotei, kinachukuliwa, na anayekichukua mara nyingi ndiye anayekusalimia kwa uchangamfu zaidi. Nilidhani nimeyaacha macho hayo kazini. Nilikuja nayo nyumbani.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mitutu miwili iliyolala sambamba, ya kupiga marisau, zile punje za risasi zinazotawanyika kama mbegu zikitoka. Baba yake Aabo alikuwa askari wa Mwingereza, lakini bunduki hii haikutoka kwake. Aabo aliinunua alipokuwa dereva wa lori la Moyale, kutoka kwa mzungu mfugaji aliyekuwa akihama. Aliikatia cheti, na cheti hicho alikihuisha bila kukosa. Zamani hizo mtu aliweza kupata kibali cha kupiga ndege, na Ijumaa jioni tulikula kanga. Siku hizi hakuna kuwinda, na bunduki ilibaki ya kulinda boma. Ilikaa ndani ya kabati la chuma chumbani kwake, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi.

Ni yeye aliyenifundisha maana ya namba, nikiwa msichana. Alisema chukua ratili moja, karibu nusu kilo, ya madini ya risasi ya kuyeyusha, uigawe vipande kumi na viwili vilivyo sawa, uvifinyange viwe vigololi. Kigololi kimoja kitaenea ndani ya mtutu wa kumi na mbili. Ukiigawa vipande ishirini, vigololi vinakuwa vidogo, na mtutu wa ishirini unakuwa mwembamba. "Kwa hiyo namba ikipanda, bunduki inashuka," alisema. Nilicheka, maana niliiona hesabu ya kinyume.

Mpinzani wake katika jambo hilo alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara Mmeru mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara. Yeye alikuwa na namba ishirini yenye cheti, na shamba dogo Kinna ambako nyani humaliza mahindi yake. Wale wawili waliwinda pamoja ujanani, na walikuwa wamebishana jambo lile lile kwa muda mrefu kuliko umri wa ndugu yangu.

Wiki chache baada ya maneno ya pale mezani, jirani alikuja Jumapili akitoka kanisani, amebeba ishirini yake ndani ya mfuko wa turubai. Ndugu yangu ndiye aliyemwita. Hilo nalo nililiweka akilini.

"Habari ya hapa," jirani alisema. "Mzee, kijana wako ameniambia umekubali kwamba nilisema kweli."

"Sijakubali kitu," Aabo akajibu. "Keti."

Jirani aliitoa bunduki yake, akaifungua katikati kuonyesha ni tupu, akampa Aabo. Risasi alizitoa mfukoni akazipanga mezani. Zake zilikuwa na maganda ya manjano. Za Aabo, zilizokuwa ndani ya boksi lake, zilikuwa nyekundu. Aabo aliweka kitako begani, akalenga dari, akaishusha, akailenga tena. Niliona mikono yake haitetemeki kama inavyotetemeka akishika ya kwake.

"Nyepesi," alisema.

"Si nilikuambia? Unatembea nayo siku nzima, jioni bado una mkono. Na kanga, unakumbuka? Yako ilikuwa inampasua. Ukifika na kisu, hakuna wa kuchinja."

Hiyo ilikuwa kweli. Kwetu ndege akifa kabla ya kuchinjwa kulikuwa na maswali, na Aabo alijulikana kwa kukimbia na kisu mkononi huku akisoma Bismillahi. Jirani, ambaye dini yake haikumkimbiza, alikuwa akimcheka kwa hilo.

"Kanga akiwa karibu, sawa," Aabo alisema. "Akiwa mbali, yako inamkuna mgongo tu. Na mwizi je? Mwizi akija kwa ukuta, unataka kumkuna mgongo?"

Ndugu yangu akaingilia, haraka mno kwa maoni yangu. "Aabo, angalia hizi nyumba. Ni mabati na mbao. Kumi na mbili inabeba punje nyingi zaidi. Ukikosa mwizi, unapiga mtoto wa jirani akiwa kitandani."

"Hata ishirini inapita mbao," jirani akasema polepole, akimwangalia. "Hakuna ya marisau inayoheshimu mbao. Lakini begani, ndiyo, ishirini ni afadhali. Shida yake ni risasi. Za kumi na mbili unapata bila kusumbuka. Za ishirini mpaka niagize Nairobi, na ningoje."

Waliendelea hivyo hadi adhuhuri. Mimi nilikuwa nikimsikiliza ndugu yangu. Alijua uzito wa kila moja. Alijua kwamba ya zamani ikisalimishwa kituo cha polisi, cheti kipya kinaweza kuchukua miezi mingi. Mtu aliyekuwa akikimbilia lorini kwa harufu ya mafuta ya bunduki alikuwa amesoma yote hayo kwa nini? Jibu nililojipa ni moja tu: kulikuwa na mtu aliyeitaka kumi na mbili, na hakuitaka kwa cheti.

Jirani aliporudisha risasi zake mfukoni, hakuna aliyeona kwamba moja imebaki.

Baada ya hapo nilianza kuangalia boksi. Aabo alikuwa akifungua kabati kila Alhamisi kupangusa bunduki, na mimi nilisimama mlangoni nikijifanya naulizia chakula. Alhamisi ya kwanza risasi nyekundu zilikuwa kumi na moja. Iliyofuata zilikuwa nane. Iliyofuata, tano, kisha mbili. Aabo mwenyewe hakusema lolote, na mimi nilidhani hataki kunitia hofu.

Ndugu yangu alikuja kila Ijumaa asubuhi kumwogesha Aabo na kumvika kanzu kabla ya kwenda msikitini. Majirani walimsifu kwa hilo, kijana anayemheshimu baba. Lakini ufunguo ulivuliwa shingoni wakati wa kuoga. Siku moja nilipita chumbani nikiwasikia wote wawili bafuni, maji yakimwagika, na mlango wa kabati la chuma ukiwa wazi kidogo. Nikasimama. Maji yakaacha kumwagika. Niliondoka kabla ya kuonekana.

Ijumaa hiyo nilimfuata hadi kwenye lori.

"Risasi za Aabo zinapungua," nilisema.

Hakushtuka. Aliangalia tairi. "Labda anazitupa."

"Anazitupa wapi?"

"Abaayo, wewe ulikuwa mbali miaka mingi," alisema. Abaayo ni dada, na alilitamka kwa upole ulionikera zaidi ya tusi. "Mambo mengine ya hapa niachie mimi."

Hayo ndiyo maneno ambayo kila mwizi wa stoo aliwahi kuniambia. Jumatatu nilivaa buibui safi, nikapanda boda hadi kituoni, nikaomba kumwona afisa anayeshughulikia silaha. Nilimwambia kwamba baba yangu ni mzee, bunduki yake ina cheti, na risasi zinaibwa. Aliniuliza namshuku nani. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba nitasema sijui. Nilisema ni ndugu yangu. Nikamtajia na namba ya lori.

Wakati narudi nilijisikia vizuri, na sitaficha hilo. Nilinunua maembe.

Siku mbili baadaye, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Geti liligongwa. Kabla sijanyanyuka nilisikia mlio wa kufuli la kabati la chuma, mlio ninaoujua tangu nikiwa mtoto, na haikuwa Alhamisi. Nikaenda ukumbini mbio na ungo mkononi.

Aabo alikuwa amesimama kando ya dirisha, bunduki imefunguliwa katikati mkononi. Kwa mkono mwingine alikuwa akilitikisa boksi la risasi. Lilikuwa tupu.

"Nimeweka moja, imepotea," alisema. "Nimeweka kwa mkono wangu. Sasa naona tundu tupu. Nani amemaliza risasi zangu?"

"Aabo, kuna nini?"

"Wezi wako getini. Wawili."

Nilichungulia. Kupitia nafasi ya geti nilimwona mtu wa makamo aliyevaa shati la kawaida. Alikuwa yule afisa wa kituoni. Mbele yake alisimama ndugu yangu, aliyefuatwa bila shaka kwa namba ya lori niliyoitaja.

"Yule wa mbele ni mtoto wako," nilisema.

Aabo aliangalia kwa makini. Nilimwona akijaribu. "Huyo simjui," alisema. Kisha akaniita kwa jina la mama, akaniambia nikajifiche na watoto.

Aliwahi kuniita hivyo mara kadhaa tangu nirudi, kila mara jioni. Nilijiambia ni msiba, mtu aliyeishi na mkewe muda wote huo lazima ulimi uteleze. Mimi, mwenye macho ya stoo, nililiona hilo nikalipita.

Nilipiga kelele kupitia dirishani wasiingie, mzee ana bunduki. Afisa aliruka nyuma ya nguzo. Ndugu yangu hakurudi nyuma. Alizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni, akatokea ukumbini mikono ikionekana, akitembea kama mtu asiye na haraka.

"Salaam aleikum, mzee," alisema.

"Aleikum salaam. Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi. Nimetumwa kuangalia hiyo kumi na mbili, tuilinganishe na ishirini. Nimesikia unasumbuliwa na bega."

Uso wa Aabo ulilegea. "Afadhali umekuja," alisema. "Kuna kitu kimeharibika. Naweka risasi, inapotea." Akampa bunduki kwa mikono miwili, kama unavyompa mgeni kikombe.

Ndugu yangu alishukuru. Aliinua mitutu akaielekeza dirishani, akaangalia kwa jicho moja, kisha akaniita kwa kichwa. Nikaangalia. Mtutu wa kulia ulikuwa na mwanga mwishoni, duara safi jeupe. Wa kushoto ulikuwa giza.

Aliuchukua ufagio, akageuza mpini wake mwembamba, akausukuma taratibu kutoka mdomo wa mtutu, mwenyewe amesimama kando. Risasi ya manjano ikaanguka sakafuni. Ilikuwa ya jirani. Bila shaka Aabo aliiweka mfukoni mwa koti siku ile ya Jumapili, na jicho lenye mtoto wa jicho kama lake halitenganishi manjano na nyekundu. Risasi ya ishirini ni nyembamba kwa kumi na mbili. Inateleza inapita tundu lake, inakwama mbele, na anayeweka haioni tena. Anadhani hajaweka, anaongeza nyekundu nyuma yake. Akifyatua, mtutu unapasuka usoni pake.

Nyekundu hakuipata, kwa sababu boksi lilikuwa tupu.



Ndugu yangu aliniambia yote jikoni, kwa sauti ya chini, wakati afisa akiwa ukumbini na Aabo, ambaye sasa alikuwa mchangamfu na akimwagizia mgeni chai. Ilianza kabla sijarudi. Alfajiri moja mama mmoja wa Kiborana anayetuletea maziwa ya ngamia aligonga geti, Aabo akatoka na bunduki akamwelekezea kifuani. Ndugu yangu alikuwa amelala pale siku hiyo. Alisimama katikati yao. Asubuhi, akili zilipomrudia, Aabo alilia.

"Akaniapisha," ndugu yangu alisema. "Nimwache na bunduki yake, na nisikwambie wewe. Alisema, dada yako akijua, atanihesabu kama vitu vya stoo."

"Na ishirini?"

"Bunduki hawezi kuiachilia hivi hivi. Nilijaribu. Lakini kama anabadilisha na nyingine, hiyo si kushindwa. Angeisalimisha kumi na mbili, tungengoja cheti cha ishirini, na tungebaki tunangoja. Ndiyo nikaenda kwa jirani kujifunza maneno."

"Jirani alijua?"

"Hapana. Alifikiri ni bega tu." Akapangusa uso kwa kanga iliyokuwa imetundikwa mlangoni. "Ningechukua risasi zote mara moja, mzee angegundua. Nikachukua mbili, tatu, kila Ijumaa."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniuliza," akajibu.

Nilitaka kusema kwamba nilimuuliza, pale kwenye lori. Lakini sote tulijua halikuwa swali.

Afisa alikuwa mtu mwenye subira, lakini sheria ni sheria. Bunduki aliichukua, na Aabo alitia sahihi, akidhani ni karatasi za ishirini. Kisha afisa akauliza risasi nyekundu ziko wapi. Ndugu yangu alimpeleka kwenye lori, akafungua sanduku la spana, akamtolea zote zikiwa zimefungwa kwa kitambaa. Hakuwa na cheti cha kuzishika. Alilala kituoni siku mbili.

Nilimpelekea chakula. Siku ya kwanza hakukigusa. Siku ya pili alikula, akanirudishia sufuria kwa mkono wa askari bila kuniangalia. Nilirudi kwa afisa kubadilisha maelezo yangu. Aliyaandika yote kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mama, hii ya leo ndiyo ya kweli, au ni ya kumtoa?" Sikuwa na haki ya kukasirika. Jirani naye alienda kueleza kuhusu risasi yake ya manjano, na alionywa vikali kwa uzembe. Mwishowe ndugu yangu aliachiliwa bila kufikishwa mahakamani. Jirani hakukanyaga kwetu miezi kadhaa. Alikuwa amebishana na Aabo maisha yao yote, na nadhani kilichomuuma ni kwamba ubishi huo ulikuwa umetumiwa, na karibu umuue rafiki yake.

Baada ya hapo ndugu yangu alikuja kila Ijumaa kama kawaida. Aliniambia maneno ya lazima tu: maji yako wapi, dawa amekunywa, kanzu nyingine iko wapi. Mimi nilikaa jikoni mlango ukiwa umefungwa, ili ajue siangalii. Hata hivyo, nilijikuta nikisikiliza. Maji yakinyamaza, niliacha ninachofanya. Mazoea hayo hayaondoki kwa aibu peke yake.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kisha tukapata nafasi ya kumpasua Aabo jicho huko Meru, na hakukuwa na gari ila lori. Tulimkalisha katikati yetu. Alisinzia kabla hatujaanza kupanda mlima, kichwa begani kwangu, mkono wake ukiwa gotini kwa ndugu yangu.

"Ulianza kunishuku lini?" ndugu yangu aliuliza, macho barabarani.

Ningeweza kumpunguzia. "Tangu mwanzo," nilisema. "Kabla hata risasi hazijapungua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei aliyoitarajia. Tulipita magari mawili ya mboga kabla sijapata ujasiri.

"Na wewe? Hukuwahi kunishuku kitu?"

Alibadilisha gia, lori likaguna.

"Niliwahi," alisema. "Uliporudi. Nilidhani umerudi kwa sababu ya nyumba. Kwamba mzee akifa, utakuwa umeshakaa ndani na funguo zote unazo."

Ilinichoma, maana sikuwahi kulifikiria. Au labda nililifikiria mara moja, siku ya kwanza nilipoufungua mlango wa chumba cha mama na kuona kilivyo kikubwa. Sikumwambia hilo.

"Na sasa?" nikauliza.

Kabla hajajibu Aabo aliamka, akaangalia kulia na kushoto, akasema anataka kukojoa. Ndugu yangu alisimamisha lori ukingoni. Baridi ya mlimani iliingia. Tulishuka kila mtu upande wake, tukamteremsha mzee ngazi kwa ngazi, ndugu yangu akishika mkono mmoja na mimi mwingine, tukageuza nyuso zetu, tukangoja amalize.